Pasipoti ya Pili Ndani ya Kisanduku

El Alto, 14 Januari

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Pokea na ya pili, ni ya mkweo Limbert, aliyeketi hapa ubavuni mwangu akitarizi bega la vazi la shetani wa kanivali, na kila nikiandika neno ananiuliza kama nimeshakusalimu. Magoti yako yanasemaje na mvua hizi? Nyama kavu inauzika pale sokoni Oruro, au wateja bado wanaonja tu na kupita? Na yule mbwa wako, bado anambwekea padri na kuwanyamazia wezi? Sisi huku tu wazima kabisa. Tunakula, tunacheka, na paa halivuji ila pale pembeni tu.

Mama, nimekupigia simu mara tatu ukanikatia. Mara ya mwisho nilikusikia ukimwambia mtu, "Si yule bibi harusi wa Agosti," kisha ukakata. Basi nimeona niandike. Barua haikatiki. Nimempa Mama Mdogo Primitiva ailete kwa mkono, na nimemwapisha asitoke mlangoni pako mpaka uifikie sahihi yangu, hata ukimnyima kiti.

La kwanza unalijua, lakini nalisema kwa sababu kulisema kunanipa raha: nimeolewa! Nimeolewa na mwanamume ambaye alfajiri, kabla sijaenda kazini, anaziweka glavu zangu juu ya birika la uji wa api ili vidole vyangu vikute joto. Nikiwa juu ya mnara, nimejifunga mkanda, nakaza nati za makapi yanayobeba kamba ya magari ya angani, na jiji zima la La Paz liko chini ya viatu vyangu, nanusa mahindi na mdalasini mikononi mwangu, nacheka peke yangu kama mwehu. Wenzangu wa magari ya kamba wameshazoea. Msimamizi huniuliza kwenye redio, "Jhovana, huko juu kuna nini cha kuchekesha?" Namjibu, "Upepo, bosi."

Najua Mama Mdogo alikusimulia kwa namna yake jinsi tulivyokutana, kwamba nilimwokota kwenye gari la kamba kama mwavuli uliosahauliwa. Sivyo. Upepo ulisimamisha njia, gari lake likaning'inia karibu na mnara wangu. Abiria wengine walikuwa wanamwita Bikira Maria, yeye ametulia na sindano yake, joho la shetani limemjaa magotini. Aliponiona nimekumbatia chuma, alifungua kidirisha akapaza sauti, "Dada, umeshakula?" Mama, kila aliyewahi kuniona juu ya mnara ameniuliza kama siogopi. Yeye aliniuliza kama nimekula. Ungefanya nini wewe? Mimi nilishuka nikiwa nimeshapenda.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu. Ulisema ni nani mwenye akili anayeolewa Agosti, mwezi ambao Mama Ardhi amefungua kinywa na watu wote wanangoja Septemba. Nakujibu kwa heshima zote: sisi. Ukumbi ulikuwa wetu, padri alitupa saa tuliyoitaka, na wapiga tarumbeta walifurahi kupata kazi mpaka wakapiga nyimbo ambazo hatukuziagiza. Na Mama Ardhi tulimlisha kwanza. Funda la kwanza la bia lilimwagwa chini kabla sijalamba hata povu. Kama alikuwa na njaa, alishiba. Aliyekosekana ni wewe. Kiti chako kilikaa kitupu mbele kabisa, nami nilikimwagia karatasi za rangi hivyo hivyo, kama ungekuwa umekaa.

Wala hatukuharakisha kwa sababu ile wanayonong'ona majirani zako. Tumbo langu ni tambarare, waambie. Tuliharakisha kwa sababu ya kibali.

Unakumbuka Juni nilipopata kazi kule Austria, kwenye ile hoteli kubwa ya watu wa theluji. Ulilia kwa furaha, ukasema sasa binti yako atapanda milima ya Wazungu. Kilichobaki kilikuwa kibali cha ukaazi cha fundi mwenye ujuzi. Wenzetu wale wanakupa alama: umesomea nini, umefanya kazi miaka mingapi, una umri gani, Kijerumani chako kikoje. Wakala, Bwana Hernán, mwenye ofisi juu ya duka la kuku wa kukaanga, alizijumlisha alama zangu mbele ya macho yangu akapiga meza. "Umepita, binti! Sasa nisikilize. Hapa penye ndoa tunaweka hujaolewa. Faili la mtu mmoja linateleza, la wawili linakwama. Huyo mchumba utamwita baadaye."

Utamwita baadaye. Mama, usiikunje barua hapa, nakuomba. Endelea kusoma.

Nilikuwa na miaka saba Baba alipokwenda Hispania kuvuna saladi. Wewe ndiye uliyemnunulia kisanduku cha safari kwenye sikukuu ya Alasitas, kidogo kama kiberiti, kimeshonwa kwa kitambaa, ndani yake pasipoti moja ya karatasi na tiketi moja. Ndivyo tulivyo sisi: mtu hajinunulii, hununuliwa kitu kidogo na anayempenda, kikafukizwa kwa moshi wa uvumba adhuhuri, ili kile kikubwa kije. Na kikubwa kilikuja. Baba aliondoka akisema atatuita baadaye. Alipiga simu kila Jumapili, kisha kila mwezi, kisha Krismasi, kisha simu ikawa kitu tu kilichokaa mezani, nawe ukawa unaifuta vumbi.

Najua ulichojifunza hapo, maana ulinifundisha na mimi wakati unanisuka nywele: "Duniani kuna wanaoondoka na wanaobaki. Wewe mwanangu uwe wa kuondoka." Ndiyo maana Januari iliyopita, uliposikia kwamba kuna mtarizi ananiletea chakula kituoni, ukanitumia kisanduku kama kile kile. Pasipoti moja, tiketi moja. Nilielewa, Mama. Najua yalikuwa mapenzi. Lakini ulikuwa unanitaka niwe Baba, na Limbert awe wewe. Na hilo sitalifanya, hata ukinikatia simu mpaka siku ya kiyama. Safari siikatai. Ninachokataa ni hiyo "baadaye".

Basi tulipomaliza kucheza harusi tukapanda basi kwenda Lima, kwa sababu ubalozi wa Austria unaotuhudumia uko huko. Bwana Hernán alikuwa ameshanifundisha jinsi ya kutikisa kichwa kukataa nikiulizwa habari za mume. Dirishani alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo. Akaniuliza, una mume? Mdomo wangu haukungoja kichwa. Nilisema "Ninaye!" kwa sauti ile ninayoshindana nayo na upepo, na ukumbi mzima ukageuka. Limbert akainuka kule nyuma akapunga mkono, utadhani ameitwa kupokea kombe. Mzee mmoja wa Kiperu akapiga makofi. Yule mama akashusha miwani, akanitazama, akamtazama Limbert, akasema basi mafaili ni mawili, na cheti cha ndoa kinahitaji mihuri na mfasiri aliyeapishwa, turudi kikiwa tayari. Nadhani alikuwa anatabasamu, lakini kioo kilikuwa kinene.

Mihuri ilichukua muda wake, na hoteli haikungoja. Ilimpata mwingine. Hapo ndipo kila mtu alipopata la kusema. Bwana Hernán alisema, "Si nilikuambia? Sasa hivi ungekuwa umevaa buti za theluji." Kazini waliuvisha ufagio shela la karatasi wakautundika kwenye kabati langu, wakauita Bibi Agosti. Wajomba zake Limbert walimwambia kwamba mwanamume hafuati sketi. Limbert akawaambia, "Sketi gani? Mke wangu anavaa suruali yenye spana mfukoni. Mimi nafuata spana." Na wewe ulituma neno kwa Mama Mdogo: mwambieni ardhi imeshammeza. Lilifika, Mama, kama ulivyolisema. Siku ile nililia, sikufichi. Kisha nikanawa uso nikaanza kuomba kazi upya, nikiandika kila mahali mstari wa kwanza kabisa: nimeolewa, nakuja na mume wangu.

Wengi hawakujibu. Aliyejibu ni Bi Notburga Hinterlechner, mjane, mwenye kamba moja tu ya viti vya kuning'inia, inayotoka kijijini kwao kwenda malishoni. Si hoteli, Mama, sikudanganyi. Ni kamba moja, ng'ombe, na kanisa. Theluji ikiyeyuka makapi yote hushushwa yakakaguliwa, na fundi wake amezeeka. Aliniuliza kwenye video kama naweza kukaa mnarani kukiwa na upepo. Nilikuwa mnarani, na upepo upo, nikamgeuzia simu aone mwenyewe. Akauliza kama mume wangu anaogopa ng'ombe. Nikasema ametarizi mashetani tangu utoto, ng'ombe watamfanya nini. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema chumba kipo lakini kitanda ni kimoja na chembamba. Nikamwambia, mama, hiyo ndiyo habari nzuri kuliko zote ulizonipa leo.

Faili likaanza upya, na safari hii Limbert naye ilibidi aonyeshe kwamba anajua Kijerumani cha kuanzia. Alijifunza huku anashona, neno moja kila mshono. Jirani yetu, Bi Encarna, alinivuta pembeni kuniuliza kama ananipiga, maana kila jioni anasikia mwanamume anakoroma maneno makali ukutani. Nikamwambia, jirani, anaomba mkate na siagi.

Sasa Mama, kaa vizuri. Unadhani bado tunangoja, na nimekuacha udhani hivyo makusudi, kwa sababu nilitaka usikie kutoka kwangu na si kwenye foleni ya viazi. Tumekubaliwa. Mimi na yeye. Habari ilifika tarehe sita mwezi huu, siku ya Mamajusi. Limbert alikuwa na sindano mdomoni, akapiga kelele nayo humo humo, nusura niwe mjane kabla ya kusafiri. Akishakabidhi shetani wa mwisho na kanivali ikaisha, tunaondoka. Hakuna anayetangulia na hakuna anayeitwa. Tunapanda ngazi za ndege pamoja.

Na kuna lingine nililokuficha mwaka mzima. Kisanduku chako hakikufukizwa kama ulivyokituma. Alasitas iliyopita nilikuwa na zamu mnarani, na adhuhuri, wakati watu wote wanakimbilia moshi na vitu vyao vidogo mikononi, mimi sikuweza kushuka. Asubuhi nilikuwa nimempa Limbert akifukize kwa niaba yangu. Alikifungua. Aliona moja. Akakaa nacho kituoni, akafumua mshono wa upande mmoja kupata nafasi, akakata pasipoti ya pili kwenye karatasi ya sigara, akaitilia jalada la uzi mwekundu, akakishona tena, akaenda kwenye moshi. Halafu akapanda gari la kamba. Alipopita mbele ya mnara wangu kengele zilikuwa bado zinalia. Alikibandika kisanduku kwenye kioo kikiwa wazi, ili nione ndani. Kidirisha kilikuwa kimefungwa, na gari halisimami. Nilikuwa na muda wa kuona zile mbili tu na uso wake. Hivyo ndivyo nilivyoposwa, Mama, na spana mkononi. Nilitikisa kichwa kukubali mpaka kofia ikanishuka machoni.

Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba kisanduku chako hakikufanya kazi. Kilifanya kazi barabara. Kimeleta kile kilichokuwa ndani yake.

Mama Mdogo amebeba kitambaa chekundu. Kifungue. Ndani kuna kisanduku kipya, kazi ya mkweo, na ndani yake pasipoti tatu. Ya tatu ina picha ya mwanamke mwenye misuko miwili na uso uliokunjwa. Limbert anaomba radhi, amekuona mara moja tu na ulikuwa umekasirika, hakuwa na mfano mwingine. Hatukuiweka ili twende wote tukaishi; najua huwezi kuiacha meza yako sokoni, wala mbwa. Ni ya kuja kututembelea, na karatasi zake nitazihangaikia mimi mwenyewe, kwa jina lako kamili. Wala sisemi nitakuita baadaye. Nasema Agosti. Agosti hii inayokuja, ng'ombe wakiwa malishoni, nitakukalisha kwenye kiti cha kamba niliyoikaza kwa mikono yangu. Wakikuuliza nani mwenye akili anayesafiri Agosti, wajibu upendavyo.

Tarehe ishirini na nne, siku ya Alasitas, adhuhuri, kipeleke kwenye moshi. Ukitaka kukitupa, kitupe, mimi ni binti yako na siwezi kukushika mkono. Lakini usifumue upande. Ama sisi watatu, ama kisanduku kizima jaani.

Nisalimie wauza viazi, nisalimie padri, na mkune mbwa nyuma ya sikio la kushoto, ndilo analolipenda. Limbert anakubusu mikono yote miwili. Mimi nakubusu uso, hapo hapo ulipokunja.

Ni mimi binti yako, fundi wa kamba na mke wa mtu,

Jhovana Quisbert Condo

Sasa mpe Mama Mdogo kiti. Amesimama muda mrefu.