Yahaya Mfaume wa Kanyenye, Fundi wa Rangi Nyepesi

Mwaka umetimia, Baba Tatu, tangu ile Jumapili ya mvua ya mwezi wa tatu, 1973, tulipouvunja mlango wa chumba cha uani tukakukuta umekaa kwenye kigoda, umeegemea ukuta, brashi mkononi ikiwa kavu. Kopo la rangi lilikuwa halijafunguliwa. Jiko la mkaa lilikuwa karibu na miguu yako, na moto wake ulikuwa haujazimika.

Tunakuandikia kwa niaba ya familia nzima, ingawa kalamu nimeishika mimi, mkeo Mwanamkuu, na wanaonifahamu wanajua kuwa kusema kwa kuzunguka sikujaliwa.

Mji ulikujua kwa vibao. Maduka ya ushirika, zahanati, vijiji vya ujamaa kuanzia hapa hadi Usoke, majina yao uliyaandika wewe. Mteja akitaka herufi nene, zilinenepa, maana kwa wateja ulikuwa mpole kuliko nyumbani. Jirani yetu Mwamvita alipofiwa na mumewe akaanza kuuza vitumbua, ulimchorea kibao bila kuombwa, na kitumbua chenyewe ukakichora pembeni. Watu walisema kinafanana na tairi, nawe ukacheka kuliko wote.

Lakini moyo wako ulikuwa kwenye zile ndege zako ndogo za mfano. Bwana mmoja wa mashamba ya tumbaku ya Urambo, alipokuwa akifungasha kurudi kwao baada ya Uhuru, alikuachia injini ndogo, ndogo kuliko ngumi. Ukaitengenezea ndege ya mti wa msufi, ukairusha kwa nyaya mbili nyembamba ulizozishika mkononi, yenyewe ikizunguka na wewe ukizunguka nayo katikati ya uwanja. Hukutaka iruke tu kama kunguru. Ulitaka ijipindue, ilale chali hewani, ichore nane, kisha irudi kama haikufanya kitu.

Ile ya kwanza ulimsikiliza mdogo wako Lukumani. Alisema, "Kaka, ipake ionekane. Ndege bila rangi ni bwana harusi bila kanzu." Ukaipaka njano mkono wa kwanza, na njano haifuniki upesi, ukarudia wa pili, ukarudia wa tatu, juu yake mistari myekundu, halafu vanishi. Ilipendeza kweli. Ilipanda, ikajipindua, na iliposhuka kumalizia duara haikuinuka. Ulikwenda kuokota vipande peke yako.

"Ni upepo huo," Lukumani alisema.

"Si upepo," ukamjibu. "Ni ule mkono wa nne wa rangi."

Tangu siku hiyo ulikuwa mtu mwingine. Ulisema mtu huvaa rangi lakini ndege huibeba, na ya mkiani ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu uzito wa nyuma hulazimisha kuongeza madini ya risasi mbele ili isawazike, na ndege inazidi kunona pande zote. Ukaanza kuchanganya vanishi na poda ya mtoto ili kuziba vinyweleo vya mti, kisha ukaisugua kwa msasa mpaka karibu yote ikatoka. Nikakuuliza nyumba hii ina mtoto gani mchanga anayemaliza poda namna hii. Mtandio wangu wa hariri wa harusi nao ukauchukua ukavisha mabawa, kwa kuwa hariri ni nyepesi na haishibi rangi. Niligomba wiki nzima. Baadaye nilipoiona juu ikipita na jua nyuma yake, nikaona maua ya mtandio wangu yakinipita kichwani, niliacha kugomba. Nilikupenda sana siku ile, na sikukuambia.

Rangi ya magari uliizimua kwa tina mpaka ikawa kama maji ya mchele. Ulichagua rangi ya fedha, kwa sababu hufunika kwa mkono mmoja, ukaitia pale tu jicho linapohitaji, kwingine ukaacha wazi. Kila baada ya kupaka uliipeleka ndege kwa sonara wa sokoni akupimie, naye alikuwa akikwambia, "Yahaya, mimi napima bangili." Ndege mbili ulizozimaliza hivyo ziliruka kama ulivyotaka.

Adui yako akawa vumbi. Sisi tuliozaliwa kando ya barabara ya zamani ya misafara tunajua vumbi la kiangazi halina mlango linaouheshimu. Punje moja ikitua juu ya rangi mbichi, itabidi usugue na kupaka tena, na kupaka tena ni uzito. Kwa hiyo ukawa unangoja masika, vumbi lilale. Lakini masika yana unyevu, na rangi ile ikishikwa na unyevu inapauka, inakuwa na weupe kama pumzi kwenye kioo. Nakumbuka ulivyoeleza mezani, umefurahi kama mtu aliyepata njia ya mkato: "Vumbi halifukuziki. Unyevu unafukuzika kwa moto." Hapo ndipo jiko langu lilipoanza kupotea jikoni.

Ulifunga dirisha, ukasokota kanga kuukuu chini ya mlango, ukaliacha jiko lipashe chumba, ukalitoa, ndipo ukapaka. Mara nyingi ulifanya hivyo na ukatoka salama, na hilo ndilo lililotudanganya sote. Jumapili ile mvua ilikuwa kubwa, ukaamua kukaa mle ndani na jiko mpaka chumba kikauke. Daktari alituambia hewa ya mkaa haina harufu wala haipigi hodi, na kwamba haukuwa usingizi uliokuchukua.

Msiba wako tungeubeba hivyo hivyo, kwa sababu kazi ya Mungu haina makosa. Lakini sasa nakuambia kinachotunyima usingizi, na wasomaji wa gazeti nao wasikie.

Ndege ya tatu haikupata rangi. Ilibaki ukutani, nyeupe, imesuguliwa, inangoja mkono mmoja tu. Mwanao Tatu, uliyemfundisha kuishika mkia mpaka injini ikolee, ambaye leo ni mwalimu na watoto wa watu wanamwamkia shikamoo, ameapa ataimalizia kama ulivyokusudia. Tukafurahi. Kisha mwezi uliopita nikaingia jikoni kupika, jiko silioni. Nilikwenda uani nikakuta kanga imesokotwa chini ya mlango.

Nilipiga kelele mpaka akafungua. Siku ile ile Lukumani aling'oa dirisha zima na fremu yake, akaung'oa na mlango, akaviegemeza ukutani. Tatu hakugombana naye. Alimshukuru, akaifunga ndege kwenye shuka, akaondoka nayo. Baada ya siku chache tukasikia amepanga chumba Mtendeni. Nilikwenda kukiona. Mama mwenye nyumba alinikaribisha vizuri, akakisifia chumba chake kwamba hakiingii vumbi hata kidogo, kwa sababu hakina dirisha.

"Tatu mwanangu," nikamwambia, "ngoja kiangazi."

"Kiangazi ni vumbi, mama. Baba alishasema."

"Basi paka mlango ukiwa wazi, ipauke. Nani atakusuta?"

"Ikipauka nitasugua, nikisugua nitapaka tena. Itakuwa nzito kama ile ya ba mdogo."

"Baba yako alikufa kwa jiko hilo."

Akanishika mkono, kwa upole wako ule ule, akasema, "Baba alisinzia, mama. Mimi sitasinzia." Akanionyesha birika la kahawa aliloliandaa kwa siku hiyo. Kando yake palikuwa na gunia la mkaa, zima, halijafunguliwa mdomo.

Nimemweleza aliyosema daktari. Lukumani amemweleza. Shehe wa mtaa amemweleza. Anatusikiliza mpaka mwisho, anatuitikia, kisha anatuuliza kama mvua zitaendelea. Mimi sijui mtoto huyu kamrithi nani kwa ukaidi, na naomba usinijibu.

Baba Tatu, hukuwahi kukatazwa na mtu ukakatazika. Lakini yeye alikuwa anakusikia wewe. Kama wafu wanapewa ruhusa ya kuja kwenye ndoto, mimi usinijie, nimeshazoea. Nenda kwake. Mwambie ile njia ya mkato ilikuwa na shimo. Mwambie rangi ipauke, mwambie ndege iwe nzito, mwambie hata ivunjike.

Unakumbukwa na mimi mkeo Mwanamkuu, mdogo wako Lukumani na mkewe Kuluthumu, dada yako Bi Zuhura wa Usoke, mafundi wenzako wa vibao, jirani yako Mwamvita, pamoja na mwanao Tatu, ambaye jina lake ametuma kwa mdomo kwa sababu ana kazi. Hitima itasomwa nyumbani Kanyenye Jumapili hii baada ya adhuhuri. Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Na ninyi majirani wa Mtendeni mnaosoma hapa, chumba ni cha mwisho uani, mlango wa bluu. Mvua ikinyesha, mkiona jiko limeingizwa ndani na mlango umefungwa, gongeni. Akiwajibu kwamba yuko macho, msimwamini, gongeni tu. Asipojibu, vunjeni, gharama ni yetu.

Wewe, Yahaya, hatutakuacha usahaulike maadamu tupo. Tunachokiomba ni kwamba mwakani, siku kama ya leo, tuandike jina lako peke yake.