Mabati ya Chekechea

Jumanne, Loresho

Na bado roho inaniuma kwa kulipa bei kamili.

Nilipokuwa nikinunua hisa, mbinu yangu ilikuwa moja tu: ngoja bei ishuke. Siku hizi nawagawia wahitaji nilichovuna, lakini tabia imekataa kustaafu. Mwalimu Nyambura wa chekechea ya Riruta aliniomba mabati ya paa tangu kiangazi. Nikamwambia angoje kidogo, bei itashuka.

Mvua imeshuka kwanza. Leo tumeenda huko na kuwakuta watoto wamesongamana kwenye kona moja kavu, wakiimba kushinda matone.

Mke wangu, Wangari, akaninong'oneza, "Baba Ciku, hawa si hisa. Ukizidi kungoja wataota ndevu humu."

Nikapigia duka la mabati. Nilipoanza tu kuulizia punguzo, Wangari akaninyang'anya simu. "Hataki punguzo! Leteni leo."

Yameletwa. Fundi anaezeka kesho, Mungu akizuia mvua.

Tukirudi nyumbani aliniuliza, "Na mimi ulichelewa hivyo kuniposa kwa nini? Ulingoja nishuke bei?"

Nilicheka tu. Sikumwambia kwamba niliogopa atakataa.