Neno Alilojichagulia Nyambura

Jebet mjukuu wangu,

Hapa Kapsoya tuko wazima, ila mahindi yako shambani na mvua haitaki kuisha. Umeniuliza ni maneno gani umwekee mwanafunzi wako asiyeongea kwenye tableti yake ya kumsemea kabla ya intavyu ya kazi. Tangu asubuhi sijatulia, namkumbuka jirani yetu Nyambura.

Naye hakuwa akiongea. Alionyesha picha ubaoni kwa kidole. Ubao huo uliungua na nyumba yao wakati wa vurugu za uchaguzi. Waliporudi kutoka walikokimbilia nikamchorea mwingine: maji, chakula, choo. Kisha fundi mmoja wa nguo mjini akamwita kuhusu kazi, nikaongeza uzi na sindano. Nyambura akatikisa kichwa, akachukua kalamu, akachora kiganja kilichoinuliwa.

Nilimsindikiza. Dukani fundi alimwuliza swali, halafu akanigeukia haraka kabla Nyambura hajajibu. "Mama, ataweza kweli?"

Nilikuwa nishafungua mdomo. Nyambura akagonga kile kiganja kwa nguvu: ngoja, bado naongea.

Fundi akavuta kiti, akamsubiri yeye. Kazi akapata, na bado anashona.

Basi usikisie, mama. Muulize mwenyewe anataka kusema nini, hata kama ni neno la kukunyamazisha wewe.

Nyanya yako anayekuombea