Walipiga Kura Juu, Mimi Nikiwa Chini

Jumatano, Aprili. Rumonge, Burundi.

Mvua imekatika kabla ya mchana lakini mawingu hayajaondoka. Yamelala juu ya ziwa, mazito, na milima ya upande wa Kongo haionekani kabisa. Nina tope mpaka kwenye viwiko. Mama ameniwekea maji ya moto ninawe, na mpaka sasa sijanawa. Nataka kuandika kwanza, hasira ikiwa bado mbichi.

Leo darasa langu limepiga kura kuhusu mimi.

Kama unasoma hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Goreth, nasoma informatika, yaani mambo ya kompyuta, mwaka wa pili, kwenye chuo kidogo kilicho karibu na ufuo. Miguu yangu haijatembea tangu homa niliyougua nikiwa mdogo, tulipokuwa bado wakimbizi Tanzania. Natumia kiti cha magurudumu. Mwaka wa kwanza darasa letu lilikuwa chini, kwa hiyo shida yangu kubwa ilikuwa choo tu. Mlango wake ni mwembamba kuliko kiti changu. Nikajizoesha kutokunywa chochote tangu ninapoamka mpaka ninaporudi nyumbani. Kila mchana kichwa kiliniuma. Sikumwambia mtu, nilidhani ndivyo kusoma kulivyo.

Kisha ziwa likapanda. Tunaoishi huku tumeliona likila nyumba za watu na michikichi yao, na mwisho likaingia chuoni kwa mlango wa nyuma. Madarasa ya chini yakafungwa. Sisi tukahamishiwa ghorofani. Hakuna lifti wala njia ya mteremko. Kuna ngazi tu, nyembamba, zinazopinda katikati.

Nilikwenda kwa karani wa chuo kuuliza nitapandaje. Akaniuliza kama sina marafiki.

Ninaye. Anaitwa Zaina, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili hapa mjini. Ni mwembamba, mfupi kuliko mimi kama ningesimama. Tangu siku ile yeye ndiye aliyenishika mabegani na Fabrice, kiongozi wa darasa letu, alinishika miguu. Asubuhi juu, mchana chini. Sijui nieleze vipi jinsi inavyokuwa kubebwa hivyo kila siku, sketi ikipanda, wenzako wakibana ukutani wakupishe, huku wewe unatabasamu ili wanaokubeba wasijisikie vibaya. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Wiki iliyopita tulianguka.

Ngazi zilikuwa zimelowa. Zaina aliteleza pale kwenye kona, akaangukia mgongo, nami nikamwangukia yeye. Nilipasuka kidevu. Yeye alikaa pale chini muda mrefu, amefumba macho, na Fabrice akawa anamwita tu jina lake.

Kesho yake chuo kikabandika tangazo. Kwa usalama wa wote, ni marufuku mwanafunzi kumbeba mwenzake kwenye ngazi. Jina langu hawakuliandika. Nani asingejua?

Basi juzi tukaenda na Mama kwa mkuu wa kitivo, ambaye sote tunamwita Doyeni. Si mtu mbaya. Alisimama kumpokea Mama, akamwekea kiti mwenyewe. Akasema, "Mama, huyu mutoto tuko tunamupenda sana. Lakini maji ndiyo imetushinda. Arudi nyumbani, apumuzike. Mwaka ujao tutaona."

Mama alikuwa ametoka kukamua mawese, vidole bado vyekundu. Akamjibu kwa Kiswahili chake cha kambini, taratibu, "Mwanangu hajachoka. Apumzike nini?"

Doyeni akatazama dirishani. Ndipo akasema uko ukumbi wa parokia, kule juu barabarani, hauna ngazi, na padri hawezi kukataa. Ila darasa lote lingehamia huko, kwa hiyo darasa lote lazima likubali kwanza. Mama akashukuru kwa Kirundi, "Murakoze cane," akainama. Njiani kurudi alikuwa anaimba. Mimi pia nilikuwa na furaha. Kwa nini wakatae? Ni watu ambao tumekula pamoja.

Leo nilifika mapema. Fabrice akasema kura itakuwa baada ya somo la kwanza. Nikamwomba washuke wapigie uani, nami niwepo. Akasema uani kuna tope, na ni jambo la dakika chache tu.

Nikabaki chini ya ngazi na kiti changu.

Nilisikia mabenchi yakivutwa. Nikamsikia Fabrice akiuliza swali, kwa Kirundi kwanza, kisha Kifaransa. Mtu mmoja akacheka, labda kwa jambo lingine. Kisha kimya. Nilikuwa nimetega masikio kama mjinga, kana kwamba mikono inayonyooshwa ina sauti.

Fabrice alishuka peke yake. "Wamekataa, Goreth. Kule umeme iko inakatika kila saa, ordinateri haitawaka. Na iko joto, bati tupu. Si kwa ajili yako. Usichukulie vibaya." Akanipa mkono jinsi watu wanavyopeana mkono msibani, akapanda tena.

Nilikuwa bado nageuza kiti Zaina aliposhuka. Alikuja polepole, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni. Nilidhani amekuja kulia pamoja nami.

"Mimi pia nilinyoosha mukono," akasema. "Kwa kubaki juu."

Sikumwelewa. Nikamwambia arudie.

"Tukienda kule, nani atakusukuma kwa ile njia ya mawe? Ni mimi. Kila siku ni mimi. Hakuna mutu mwingine anakuja. Goreth, mugongo yangu iko inauma hata nikilala. Nimechoka." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetemeka. "Singeweza kukuficha."

Nilikuwa na neno baya, tayari mdomoni, la aina ambayo mtu hawezi kulirudisha. Nikalimeza. Nikasema, "Sawa." Akataka kunisukuma mpaka barabarani. Nikamwambia asiniguse.

Hilo nililisema, na nalijutia kidogo. Si sana.

Njia ya ufuoni ni fupi kuliko ile ya barabarani, nikaishika kwa hasira, na gurudumu likazama kwenye tope karibu na vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwani. Kadiri nilivyosukuma ndivyo lilivyozidi kuzama. Nikainama kuchimba kwa mikono. Wanawake waliokuwa wanafunika samaki wao kwa ajili ya mvua wakaniona, wakaja bila kuitwa, wakaninyanyua na kiti changu wote kwa pamoja, wakicheka jinsi nilivyo mzito. Mmoja akanifuta uso kwa kitenge chake.

"Pole, mutoto wetu. Wenzako wako wapi?"

"Wako darasani," nikasema.

Sasa nimekaa hapa najiuliza kwa nini nimemkasirikia Zaina kuliko Doyeni, kuliko karani, kuliko wote wale wengine walionyoosha mikono. Nadhani ni kwa sababu wengine sikuwategemea. Lakini ukweli ni kwamba chuo hakijawahi kunipa msaada wowote. Kilichokuwepo ni mgongo wa msichana mmoja. Walimtumia yeye bila hata kumuuliza, na alipoumia wakabandika karatasi. Halafu leo wakatuachia sisi wawili tugombane chini ya ngazi, nao hawamo.

Nayaelewa haya yote. Bado sijamsamehe. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Mama nilimweleza nilipofika. Aliendelea kukoroga sufuria, kisha akaacha kukoroga. Baadaye akasema labda nikae nimsaidie kuuza mawese, watu wanapenda ninavyoongea nao. Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliniumiza kuliko kura.

Nikamwomba anisogeze kwenye ngazi za baraza ya jirani. Nikashuka kwenye kiti, nikakaa kwenye ngazi ya chini, nikaipa nyumba mgongo. Nikakandamiza mikono, nikajiinua nikiwa nimekaa hivyo hivyo, nikaivuta miguu. Ngazi moja. Nyingine. Saruji ya pale ni mbovu, ngozi ya viganja ikachubuka. Mama akaja mbio kuniinua, nikamwambia hapana. Akasimama. Akaondoka. Nilidhani amekwenda kulia ndani.

Alirudi miguu mitupu, ameshika kandambili zake. Akanivisha mikononi, moja moja, kama mtu anavyomvisha mtoto viatu vya Jumapili. "Jaribu tena," akasema.

Nimejaribu tena. Mikono haiumi sana hivyo.

Tangazo lao linakataza nisibebwe. Halisemi nisipande.

Tafadhali, mtu asiniandikie hapo chini kwamba mimi ni shujaa. Sitaki kupanda hizo ngazi. Nataka darasa la chini na choo ninachoweza kuingia. Kesho nitafika juu nguo zimelowa matope, nitajiburuta sakafuni kati ya mabenchi, mbele ya watu walewale, na kiti changu kitabaki chini bila mlinzi. Zaina atakuwa amekaa mahali pake. Sijui nitamtazama vipi. Sijui kama nitamtazama.

Doyeni hupita kwenye ngazi hizo kila asubuhi kwenda ofisini kwake. Ikibidi, atasubiri nyuma yangu.

Somo la kwanza linaanza mapema. Nitaondoka nyumbani kukiwa bado na giza, kwa sababu sijui kupanda kutanichukua muda gani.