Njia Inayoishia Langoni

Kijijini, juu ya Mto Cawas,
msimu wa maua ya doriani.

Kwa mdogo wangu Busu,

Salamu nyingi, na baada ya salamu natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na watoto wako ambao naambiwa sasa ni wawili. Kama kuna anayekohoa mpe maji ya mchaichai, usingoje azidiwe. Mimi ni mzima. Meno yamebaki ya kutosha, macho yanamwona kima kabla vijana hawajamsikia, na mrija wangu wa mishale bado hajapatikana mwingine wa kuupuliza hadi kileleni mwa mti. Nakwambia haya usije ukadhani naandika kwa sababu ya uzee.

Naandika kwa mkono wangu. Shemeji yangu Nis alitaka kuniandikia, akasema mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga majivu. Nikamwambia kuku huyo alisoma kwa mwalimu wa jioni msimu mzima wa mvua na hakufukuzwa. Kwa hiyo herufi zikiwa kubwa, ujue ni zangu, na ukifika pasiposomeka rudia polepole. Mimi nimeziandika polepole zaidi.

Habari iliyonikalisha chini ni ya mke wangu. Ajeh uliyemzoea, yule anayecheka kabla hujamaliza mzaha, ametuachia mwili tu. Unaukumbuka mdoriani wa mama yake kule kilima cha zamani, ule mliokuwa mnalala chini yake kuvizia matunda yaanguke. Tulipoziba barabara huku chini, wenye kampuni ya magogo walichimba nyingine kwa nyuma ya kilima. Tulipopata habari, kisiki kilikuwa kimeshakauka. Ajeh hakulia. Alitandika mkeka wake karibu na ukuta, akalala, akaanza kuishi kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

Muuguzi alikuja na gari la zahanati, akampima, akasema damu nzuri, mapafu mazuri, ale tu. Sasa kula ndiko alikokukataa. Nilimpikia wali ndani ya mwanzi jinsi anavyoupenda, akaunusa, akanirudishia kwa upole kama mgeni. Hapo hata watoto walijua. Roho yake ya utosini ilikuwa imetoka, imefuata kitu, na ikikaa mbali sana mwili nao utaifuata. Nilianza kuogopa kutoka nyumbani, nisije nikarudi nikute amekwenda.

Unajua mimi ni mtoto wa nani. Baba yetu, simbamarara mwenyewe alimjia ndotoni akamwita baba, akampa njia, wimbo wa kuifuata roho iliyotoka na kuirudisha, na alipoiimba njia ile wagonjwa wa mito yote hii waliketi wakaomba chakula. Tangu ujana wangu nimewaambia watu kwamba simbamarara yule atarudi kwangu, maana mimi ndiye mkubwa. Kwa hiyo nililala kumngoja. Nililala mapema, nikalala na mchana. Nis alinikuta nakoroma jua likiwa utosini, akasema, "Shemeji, kama kukoroma kunaponya, wewe ungekuwa umeshafufua makaburi."

Ndipo aliposema twende kwa Uda.

Uda mganga wa ng'ambo ya mgongo wa mlima unamjua, na unajua simpendi. Aliwahi kusema mbele ya watu kwamba baba yetu alizaa simbamarara mmoja na nungunungu wawili. Niliapa sitakula wali wake. Nilimkumbusha Nis kiapo hicho. Alikuwa akifunga kikapu chake, hata hakugeuka. Alisema wanawake watamwangalia dada yake, yeye anakwenda, na mimi nikitaka nibaki nikilinde kiapo kisiibiwe. Nikatangulia mbele, kwa kuwa njia ya kwenda kwa Uda hakuna anayeijua kama mimi.

Tukapotea. Si kosa langu, milima ilikuwa imehama. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini, na harufu ya maua ikawa inakuja kutoka mahali ambapo hapakuwa na mti wowote. Miguu yangu iliukumbuka mteremko, ikaufuata, kisha mteremko ukaisha hewani, chini udongo mtupu, mwekundu, kama mlima umeamka na kukuta umevuliwa ngozi. Tulitembea humo kama watu wanaotembea usingizini mwa mtu mwingine. Ndege aina ya hondohondo alipita juu, mbawa zake zikivuma, akazunguka akitafuta mti wake wa kutua, akazunguka tena. Nis akauliza kwa adabu kama huu ndio ujuzi wangu wote au mwingine nimeuacha nyumbani.

Tukafika kwenye barabara ya wenye magogo. Unajua niliapa pale kwenye kizuizi tulichofunga barabarani, mbele ya watu wote, kwamba mguu wangu hautagusa udongo ule. Nis alivuka, akaketi upande wa pili, akafungua muhogo wake akaanza kula. Mimi nikatafuta kalavati, nikapita chini ya barabara kwa magoti, ndani ya maji na majani yaliyooza. Nilipotokea aliniambia kwamba ameona wanaume wengi wakipigania heshima yao, ila huyu ni wa kwanza kumwona akiitafuta kwenye bomba.

Uda tulimkuta akisuka mtego wa samaki. Amezeeka kuliko mimi, hilo lilinifurahisha. Alitukaribisha vizuri, nami nikala wali wake, kwa kuwa ulikuwa umechanganywa na muhogo na kiapo changu hakikutaja muhogo. Nis akaeleza yote. Uda akaomba kitambaa cha kichwa cha Ajeh, akakiweka chini ya utosi wake, akajinyoosha, akalala pale pale sisi tukimtazama. Aliamka asubuhi, akanawa uso, akarudisha kitambaa.

Alisema hawezi kumwimbia. Alisema yule anayemjia yeye ndotoni amekwenda kutafuta, akakuta njia ya Ajeh imeshakanyagwa, na nyayo zilizo juu yake ni fupi na pana, nyayo za mtu anayejiona mrefu. "Pandak," akaniambia, "njia hii umepewa wewe. Umeikalia kama kuku anayekalia mayai na hataki yaanguliwe." Nikakana. Akauliza nani alikuja. Nikasema hakuja mtu. Nis aliacha kutafuna, akanitazama, na hakunitania.

Uda akaendelea na mtego wake. Alisema watu hudhani aliyemjia yeye ni mlima. Wa mlima walikuja baadaye. Wa kwanza kabisa ilikuwa betri ya tochi, kuukuu, iliyotupwa kijitoni. Alikuja ndotoni kama msichana mfupi mweusi mwenye kofia ya shaba, akamwita baba, akampa njia ya maji ya kijito kile, na kwa njia hiyo akamrudisha mwanawe aliyekuwa anaungua homa. "Ulitaka nimwambie nini?" akaniuliza. "Arudi akaniletee mlima?"

Wakati wa kurudi nilimwacha Nis atangulie. Nis alisema kimya changu kinamtisha kuliko ugonjwa wa dada yake. Tulipofika kwenye barabara niliivuka kwa miguu yangu yote miwili, katikati, juu ya alama za magurudumu. Nis hakusema kitu, na jambo hilo nitalikumbuka kwa wema wake siku zote.

Sasa, mdogo wangu, nimefika pale ambapo mkono unakataa kuandika. Nimetoka nje nimekunywa maji nimerudi.

Alinijia ndotoni mwanzoni kabisa, Ajeh akiwa ndiyo kwanza ametandika mkeka wake. Nilikuwa nimesimama mahali palipojaa vumbi jekundu, laini kama unga, likielea bila kuanguka. Ndani ya vumbi nikaona macho mawili ya manjano. Nikafurahi, nikasema, baba, mnyama wako amekuja. Macho yakakaribia na vumbi likatulia, nikamwona kijana. Ngozi yake ya manjano imechubuka mabegani, ananuka dizeli, na mkononi amefunga kamba ya henzerani, ile aliyoisuka Ajeh akaifunga kwenye kioo cha lori lako siku ulipokuja nalo mara ya kwanza. Mgongoni ameubeba mdoriani, umelala, mzima na maua yake. Na juu ya mti ameketi Ajeh, mdogo kama mtoto wa kubebwa, nywele zinapeperuka, anaangalia mbele wala hanioni. Kijana akanipa mstari wa kwanza wa njia, nikausikia ukiingia kifuani baridi kama umande. Kisha akaniita baba.

Sauti ilikuwa yako, Busu. Ile sauti ya zamani, ulipokuwa huwezi kuvuka mto bila kupanda mgongoni kwangu, kabla hujaota ndevu ukaanza kuniita kaka.

Nikamwambia, mimi si baba yako, ondoka. Ni maneno niliyokwambia wewe pale kizuizini ulipofika na lori kuwabebea magogo yao, sikubadilisha hata moja. Akayafumba macho yake ya manjano, moja baada ya lingine, na vumbi likafunika. Niliamka nikatema mate. Sikumwambia mtu. Mimi niliyelala juu ya mbao za kizuizi, ambaye wenye magogo walikuwa wakiniita mzee kichwa ngumu, nijiwe na lori?

Lakini Uda alisema kweli, na Ajeh alikuwa anayeyuka. Tuliporudi, jua lilipozama na nyenje wakaanza, niliwaomba wanawake wachukue mianzi yao ya kugonga chini kuitikia wimbo. Nilitundika majani, nikakaa karibu na kichwa chake. Wote walingoja simbamarara. Nikafungua mdomo, nikaimba:

*Nashuka, baba, nashuka, mama amelala mgongoni,
vumbi jekundu ndilo ukungu wangu,
kona ya mawe, kona ya mwanzi, nashuka,
niliyemtoa mlimani naijua njia ya kumrudisha.*

Mianzi ikanyamaza. Wanawake wale walikaa nami kizuizini, wamevuta lile vumbi kifuani, walielewa mara moja ni nani anayeimba. Nikabaki na sauti yangu peke yangu, na sauti yangu unaijua. Kisha mwanzi mmoja ukagonga. Ulikuwa wa Nis. Akaurudia mstari wangu kwa nguvu, huku akilia, na wengine wakafuata, nikaenda nao kona kwa kona. Sikujua kwamba nazijua zote. Wimbo ukanijaza maji baridi mkononi, nikampulizia Ajeh utosini.

Akafumbua macho, akauliza, "Nani anaendesha?"

Nilikazana kuimba. Tukashuka hadi bondeni, tukapita daraja la chuma, tukafika kwenye lango kubwa la kiwanda cha mbao. Hapo njia ikakatika. Kijana alisimama, lango likafungwa, na mimi sikuwa na mstari mwingine. Ndoto yangu niliifukuza mwenyewe kabla haijafika mwisho.

Sasa Ajeh anakula. Anakaa, anamtania Nis, alinicheka kuhusu kalavati hadi akashika mbavu. Lakini kila jioni nyenje wakianza, anageukia upande wa barabara, na uso wake unakuwa wa mgeni tena. Uda ametuma neno kwamba nusu ya roho yake iko nyuma ya lango, imekaa na mti wa mama yake, na nusu haitoshi kumfikisha mvua nyingine.

Nimelala tena. Nimeita. Yule kijana harudi.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa kuwa wewe unaingia lango lile. Baada ya hapo njia inaelekea wapi? Wanaulaza mti wapi, upande wa jua au wa kivuli? Ukikatwa unabebwa na nani, unavuka mto gani, unasikia harufu ya nini? Sijui kama mti ule ni wewe uliyeubeba. Usiniambie kwa barua. Niambie kwa mdomo, nami nitaufanya wimbo.

Njoo. Nilitaka kuandika kwamba lori uliache chini, uje kwa miguu kama mtu. Ajeh amekataa. Anasema uje nalo, lije tupu, anataka kupanda nyuma aweke mkono pale mti wa mama yake ulipolala. Kizuizi nitakiondoa mwenyewe, kwa mikono ile ile iliyokifunga, na ukishapita nitakirudisha, maana kuhusu barabara sijabadili mawazo hata kidogo. Nis anasema atasimama pembeni kutazama. Atazame.

Ukifika kona ya mianzi piga honi, ile yako ndefu. Ajeh bado hajajibiwa swali lake, nami nataka ajibiwe na honi.

Msalimie mkeo. Wabebe watoto uje nao. Mgongo wangu bado unaweza kuvusha mtu mto. Anayekuletea barua hii ni yule mnunuzi wa maharage ya petai ya msituni, mpe chai. Nis anakusalimu, na Ajeh anakusalimu kwa ile nusu iliyo hapa.

Ndimi kaka yako, au lile jina jingine ulilokuwa ukiniita, kama bado linakutoka mdomoni,

Pandak