Mwisho Alioutia Baba

Jumatatu, 1 Desemba

Baada ya alasiri, kama kawaida. Mkeka barazani, chupa ya chai, mamangu na mto wake, mimi na kitabu. Leo sura ya kumi na moja: jinsi Wamarekani walivyoanza kutia muziki katika filamu. Kiingereza nakisoma kimoyomoyo, Kiswahili nakitoa kwa mdomo. Marehemu baba alifanya hivi kila siku zaidi ya miaka hamsini. Mie nina miezi minane tu na koo limeshakauka.

Mama haoni tena, ila kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Hata hivyo nikisoma anafumba macho. Anasema hivyo ndivyo anavyoona vizuri. Nilipofika pahala fidla zinapopanda, akaanza kuimba kwa pua. Wimbo wa taratibu, mtamu, wa Kiunguja khasa. Nikamuuliza wa wapi.

"Si huo huo wa kwenye filamu. Babako akifika hapo akiuimba."

Baba hiyo filamu hakupata kuisikia. Alikuwa akitunga papo hapo. Kwa hiyo mamangu ana Amerika nzima kichwani mwake, na kote huko wanapiga taarabu. Nimekwenda kucheka jikoni.

Jumanne, 2 Desemba

Tumegombana. Kitabu cha filamu za farasi na bunduki. Nimesoma kwamba askari yule mzee anapigwa risasi penye kisima na anakufa. Mama akafumbua macho.

"Hafi. Umeruka hapo."

Nikarudia neno kwa neno. Hafi, akasema, anapanda farasi anarudi kwa mkewe, babako alisoma vizuri, wewe Kiingereza chako cha skuli. Cha skuli! Miaka thelathini na mbili nimesomesha Kiingereza hapa hapa Ibra. Nusu ya maofisa wa mji huu nimewasahihisha kwa wino mwekundu. Nikafunga kitabu. Chakula tumekula kila mtu na sahani yake.

Alhamisi, 4 Desemba

Naogopa. Siku tatu, vitabu vitatu, na kila pahala mama ana mwisho wake. Mgonjwa anapona. Meli haizami. Walioachana wanarudiana. Anasimulia hata rangi ya gauni la bibi harusi, na kitabuni harusi yenyewe haipo. Nafikiri akili inaanza kumtoka. Miaka themanini na mbili, si ajabu. Lakini siku anazijua, dawa zake anazijua, nani kazaa na nani kaposwa anajua kabla yangu.

Na juu ya haya, simu ya Thuraya. Binti wa kaka yangu, yuko chuoni Nizwa. Wanafunzi wenziwe wanakusanya wazee waliotoka Unguja, waje waeleze sinema za zamani. Wanamtaka mama. "Bibi aongee tu, shangazi. Hii mafilamu anajua yote. Watu watakuja mingi, wallahi." Kiswahili chake kinanipandisha presha, ila moyo wake mzuri. Alhamisi ijayo. Mama kakubali kabla sijafungua mdomo. Ameshauliza abaya lake jeusi la nakshi liko wapi.

Atasimama mbele ya ukumbi mzima aseme mambo yasiyokuwepo. Kila mtoto pale atakuwa na simu mkononi. Watamcheka mamangu.

Ijumaa, 5 Desemba

Si akili ya mama. Alhamdulillahi, si akili yake.

Asubuhi alipokuwa amelala nimeshusha vitabu vyote kabatini. Nyota wa filamu, watunzi wa muziki, nyumba za kucheza dansi, majarida ya vijana wa kule na magari yao. Nimefungua pale tu hadithi zinapomalizikia. Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, mwandiko wa baba. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mdogo kama sisimizi. *Apone. Asipande meli. Warudiane.* Kitabu baada ya kitabu. Pahala pamoja: *Huyu mtoto asife.*

Nimekaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi.

Alikuwa akimdanganya. Babangu! Mtu ambaye hata mafua hakupata kuyasingizia asiende kazini. Akimtazama mkewe usoni na akimdanganya kila siku ya Mungu, kwa Kiswahili kizuri. Nimeona hasira. Kisha nimeona wivu, na hilo naliandika hapa tu.

Mtoto yule namjua. Yaani sikumjua. Kaka yangu Said, wa kwanza wao, alikufa kwa homa Sur, mji wa bandari, mwaka ule ule waliofika nchi hii ya Kiarabu kutoka Unguja. Wageni, hawana mtu. Shangazi zangu wamenihadithia kwamba mama alikaa miezi hasemi na mtu, anakula akilishwa. Baba akanunua kitabu kwa baharia mmoja, akakaa kitako mbele yake, akaanza kusoma. Hii ya kusoma nimeisikia tangu utoto. Ya penseli hakuna aliyenambia.

Jumapili, 7 Desemba

Nimeota theluji Ibra. Imejaa baina ya mitende, na mfereji wa falaji unapita katikati unatoa moshi. Mtu anapiga piano chini ya ukuta wa shamba letu. Simuoni uso. Nimeamka nimefurahi, sijui kwa nini.

Mama anajizoeza. Atahadithia ya mpiga piano, ndiyo aipendayo kuliko zote. Kijana masikini katika mji wa baridi anampenda mshona nguo. Anakwenda mji mkubwa kutafuta riziki, anaugua kifua. Msichana anauza cherehani yake akate tikiti ya treni amfuate. Treni usiku kucha, muziki, madirisha yana barafu. Treni inasimama. Na kijana yuko pale stesheni, kavaa kofia yake, mkono juu.

Nimetazama kitabuni. Hayuko stesheni. Kafa saa mbili kabla treni haijafika. Na penseli ya baba pembeni: *Awe pale.*

Namsikiliza na naiona hiyo kofia. Ndio ubaya wenyewe. Mwisho alioutia baba ni mzuri kuliko wa kitabuni.

Jumatatu, 8 Desemba

Nitamwambia kesho.

Jumanne, 9 Desemba

Sikumwambia.

Jumatano, 10 Desemba

Nimemkalisha kitako. Nimeanza: "Mama, vile vitabu vya baba..." Akanipa kitana nimchane nywele. Zimebaki kidogo, nyepesi. Akasema vitabu vile ndivyo vilivyomrudishia ulimi. Akasema, babako hakuwa mzuri wa sura, na ndugu zangu walinicheka, lakini alikuwa na mdomo wa kusomea mtu. Nikachana. Nikasuka. Nikamuuliza kesho atavaa viatu gani.

Mwoga mie. Nimewafukuza darasani watoto walioogopa mambo madogo kuliko haya.

Alhamisi, 11 Desemba

Tumerudi. Mama kashalala. Naandika ningali na abaya.

Tuliondoka asubuhi. Mji wa Sinaw, njiani, siku ya soko, magari ya mbuzi yamefunga njia, mwanamke wa kibedui na barakoa yake anapigania bei kwa sauti ya kiume. Mama akataka nimueleze kila kitu. Nikamueleza. Akasema, "Unaona? Ukitaka unajua kusoma."

Ukumbini watu kama mia. Wazee wachache, mabuibui yao na manukato yao, shikamoo kila upande. Vijana wengi. Kahawa na halwa. Thuraya akampeleka mama mbele kwa mkono.

Wallahi alikuwa mzuri. Alianza na sinema za Unguja, siku ya wanawake, viti vya juu, mapipa ya karanga. Kisha mpiga piano. Alipofika kwenye treni akaimba wimbo wa baba, mwembamba, macho kafumba. Hakuna aliyekohoa. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa akifuta uso kwa kilemba. Treni ikasimama, kofia, mkono juu. Watu wakapiga makofi.

Na msichana mmoja safu ya tatu akainua simu. Hakuwa na adabu mbaya, masikini. "Bibi, samahani. Lakini hii filamu, hapa imeandikwa mwanamume anakufa. Treni inafika, yeye ameshakufa."

Mtu akacheka kidogo nyuma. Mama akageuza uso kunako mimi, kama ananiona.

"Muulizeni binti yangu. Yeye ndiye mwenye kitabu. Mwalimu wa Kiingereza huyo."

Nikasimama. Mimi na msichana yule, sisi wawili tu ndio tuliojua. Nilimtazama mama, mikono yake juu ya fimbo, abaya la nakshi.

"Kitabu kinasema yuko stesheni," nikasema. "Kavaa kofia. Nimekisoma mimi mwenyewe."

Makofi tena. Msichana akatia simu mkobani na akaniomba radhi. Aliniomba radhi mie! Hilo limeniuma kuliko lote.

Ijumaa, 12 Desemba

Ya jana sikuyamaliza. Nilichoka.

Njiani kurudi mama aliegemeza kichwa dirishani mpaka tukapita Sinaw. Soko limekwisha, vumbi tu na nyasi za mbuzi barabarani. Jua nyuma yetu. Nilidhani kasinzia.

"Alikufa," akasema.

"Nani, mama?"

"Mpiga piano. Mie nimemuona kwa macho yangu Unguja, siku ya wanawake, kabla sijaolewa. Nililia mpaka buibui likarowa. Dada yangu akinifinya ninyamaze."

Nikasimamisha gari kando ya njia.

Akaniambia. Sur, baada ya Said, baba anamsomea, yeye hasikii hata neno, anatazama ukuta. Kisha akasikia mji wa baridi, cherehani, treni. Akaijua. Akawa anangoja yule mtu afe, aone mumewe atalisema vipi neno hilo mbele yake. Baba akafika pale. Akasita. Akainua macho kumtazama. Kisha akasema, yuko stesheni, kavaa kofia. Na ile kofia, mama akasema, haikuwemo hata katika filamu.

"Siku hiyo ndiyo nikaomba chai."

Hakupata kumwambia baba kwamba anajua. Miaka yote ile. Baba akificha, mama akificha, na mimi katikati yao nikijitia ndimi pekee mkweli wa nyumba.

Nikamuuliza kwa nini basi amenigombeza kwa yule askari wa kisimani. Akasema alitaka nisome kama baba. Alikuwa akingoja, kila siku, nifike pale penye kifo nisite. Sikusita hata mara moja. Nilipita tu kama gari la jeshi.

"Na jana ukumbini?" Nilisema "leo", tulikuwa bado njiani. Nachanganya.

"Nilitaka kusikia utasema nini." Akanitafuta mkono, akaupata. "Umedanganya vibaya. Upesi mno. Babako akidanganya alikuwa anakwenda taratibu."

Tukacheka sote wawili mpaka nikashindwa kutia gia. Kisha nililia mimi. Yeye hakulia.

Jumapili, 14 Desemba

Baridi kidogo leo. Nimemfunika shali. Nikamuuliza asomewe kipi, nikamwambia, nitakwenda taratibu.

Akasema la. Akasema, babako kafa, mwanangu, na hakuna tena wa kunifichia. Nisomee kama kilivyoandikwa.

Nimechukua ambacho baba hakukifikia. Kurasa safi, nyengine hazijakatwa. Habari za nyumba ndogo za sinema katika vijiji vya Amerika. Sura ya pili ni ya mume na mke. Mume anaendesha mashine ya filamu juu, mke anauza tikiti chini na kufagia. Miaka hamsini. Kila usiku wa mwisho wa wiki watu wa mashamba wanakuja na malori yao, watoto wamelala nyuma. Nilisoma polepole kwa sababu ilikuwa nzuri. Kisha mume anaanguka juu kule, mashine inaendelea, watu chini hawajui, wanaitazama filamu mpaka mwisho.

Nilisita. Mama akatikisa kichwa, niendelee.

Nikasoma. Alikufa. Mke akawatoa watu, akafagia ukumbi, akazima taa, akafunga mlango.

"Halafu?"

"Basi, mama. Sura imekwisha."

"Hawasemi mke alikwenda wapi?"

"Hawasemi."

Muadhini wa msikiti wa chini akajaribu kipaza sauti, akaacha. Mama akasema, "Alikwenda kwake, peke yake," na akaanza kulia. Kwa sauti, kama mtu asiyelia tangu alipokufa baba, Machi, na kweli hakulia. Sikumnyamazisha. Nilikaa karibu yake tu mpaka magharibi, kisha nikamshika mkono akatawadhe.