Kurasa Kumi na Moja za Mnara wa Taa

Jumatatu, 4 Machi
Bosi kanipa kazi: historia ya mnara wa taa wa bandari. Kibao cha jiwe kinachongwa Ijumaa. Eti kwa kuwa babu alikuwa mlinzi wake, mimi lazima najua. Sijui kitu. Nimebeba madaftari yake ya zamu, yananuka mafuta ya taa mpaka leo.

Jumanne, 5 Machi
Kumbe! Taa ilizungushwa na chuma kizito kilichoning'inia kwenye mnyororo, na kila baada ya saa tatu mlinzi alikipandisha kwa mkono. Ngazi mia na kumi na mbili. Kisha anaandika saa, anatia sahihi. Miaka ishirini na sita! Mimi ghorofa ya tatu tu nahema. Bosi keshapata maneno ya kibao: "Hakukosa zamu hata moja." Nimevimba kichwa siku nzima.

Jumatano, 6 Machi
Daftari la tisa. Kurasa kumi na moja hazina saa wala sahihi – vistari vya penseli tu, vinne kila usiku. Bosi kasema mzee alitegea, tuzipite. Babu na kutegea wapi na wapi!

Jioni nikampelekea daftari shangazi, binti pekee wa babu aliyebaki. Akaenda kuzima jiko. Halafu akasema siku hizo baba yake alikuwa hoi kwa homa. Aliyepanda ni mama yake, yeye shangazi, bado mchanga, akiwa mgongoni. Bibi hakujua kuandika, basi kila akipandisha chuma alichora kistari. Hakuna meli iliyogonga mwamba.

Bibi yangu, aliyekuwa akiniomba nimsomee karatasi za dawa. Nimelia njia nzima.

Alhamisi, 7 Machi
Shangazi kapiga simu asubuhi. Nisiandike. Baba yake alijivunia kitu kimoja tu duniani, kutokosa zamu. "Usimvue nguo kaburini, mwanangu." Nampenda babu. Lakini na bibi je?

Ijumaa, 8 Machi
Fundi wa mawe yuko kwenye simu. Jina la babu tayari, imebaki nafasi ya mstari mmoja, aanze yale maneno ya bosi? Bosi yuko mkutanoni. Shangazi kaja kunilinda nisiandike, kakaa mbele yangu na nguo zake za kutokea. Nimempa simu aseme mwenyewe.

Fundi anaita haloo, haloo. Shangazi kaifunika simu kwa kiganja, ananiuliza jina la mama yake lina herufi ngapi.